Kidonda Kinapotoneshwa: Mwongozo kwa Mzazi Aliyempoteza Mtoto kwa Saratani

Lori lilikuwa linarudi nyuma. Hilo tu. Ilikuwa imepita miezi 7 tangu tumzike binti yetu, nami nilikuwa natembea kando ya barabara nikiwaza mambo mengine kabisa, likaanza kulia tii, tii, tii. Mkono wangu wa kulia ukanyanyuka wenyewe, kidole kimenyooka, kikitafuta kitufe cha kunyamazisha pampu ya dripu. Kwa miezi 19 hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya kidole hicho usiku: pampu ikilia, inyamazishe kabla hajaamka, kisha mwite muuguzi. Nikabaki nimesimama, mkono hewani, watu wananipita.

Kama umemzika mtoto aliyeugua saratani, na wewe una lori lako. Pengine ni harufu, pengine ni kichwa kisicho na nywele kwenye tangazo, pengine ni siku fulani ya wiki. Hapa nitaeleza namna ya kuishi na vitu hivyo. Siahidi kwamba vitakwisha. Mimi ni mwaka wa 4 sasa na vyangu havijaisha. Lakini kuna jambo moja lililonisaidia kuliko mengine yote, na hatua zote zinazofuata zinalizunguka hilo: kutenganisha vitu vinavyokumbusha ugonjwa na vitu vinavyomkumbusha mtoto. Mtoto anapofariki vinakuwa vimegandana, ukigusa kimoja umegusa kingine. Kuvibandua kunachukua muda, lakini vinabanduka.

Hatua ya 1: Elewa mwili wako unafanya nini

Wengi wetu tukitoneshwa hivi tunadhani akili zimetuhama. Hazijahama. Mwili ulifundishwa kazi, ukaijua barabara, na hakuna aliyeuambia kwamba kazi imekwisha.

Chukua mfano wa homa. Mtoto akiwa kwenye tibakemikali, yaani dawa kali za kuua seli za saratani, chembe nyeupe za damu zinazopigana na maambukizi hushuka sana, na homa ya nyuzi 38 inakuwa dharura. Hakuna kusubiri kupambazuke. Ni hospitali, sasa hivi. Kwa hiyo mzazi anajifunza kushtuka usingizini, kupapasa paji la uso gizani, kusoma kipimajoto kwa mwanga wa simu. Matibabu ya aina ya saratani ya damu inayowapata watoto wengi zaidi huchukua miaka 2 hadi 3. Ukifanya zoezi hilo kwa muda wote huo, mwili unaacha kuuliza ruhusa ya akili.

Harufu ndiyo inayoshambulia bila kubisha hodi. Taarifa za macho na masikio hupita kwanza kwenye kituo cha ubongo kiitwacho thalamasi kabla ya kusambazwa. Za pua zina njia ya mkato hadi kwenye sehemu zinazoshughulika na hofu na kumbukumbu, yaani amigdala na hipokampasi. Ndiyo maana kitakasa mikono cha mlangoni kwa mtu kinaweza kukurudisha wodini kabla hujajua umenusa nini. Moyo unakimbia kwanza, sababu unaijua baadaye. Kulijua hili hakukuzuii kulia, ila kunakuondolea ule woga wa pili, woga wa kujiogopa mwenyewe.

Hatua ya 2: Weka daftari kwa wiki mbili

Tafuta daftari dogo linaloingia mfukoni. Usitumie simu, simu ina picha zake, na utaingia kuandika ukajikuta umekaa saa nzima unatazama video. Kila unapotoneshwa, andika mstari mmoja: ni nini, ulikuwa wapi, saa ngapi, ilichukua muda gani kutulia. Usieleze hisia. Huu ni utunzaji wa kumbukumbu kama ule tuliokuwa tukifanya wodini: dawa gani, saa ngapi, amekunywa maji kiasi gani. Wazazi wa watoto wenye saratani ni mabingwa wa madaftari, basi tuutumie ubingwa huo.

Kwangu wiki mbili zilitoa mambo ambayo nisingeyakisia. Nilidhani picha zake ndizo zinaniumiza zaidi, kumbe picha zilitokea mara 3 tu. Kilichojaa daftarini ni saa 8 usiku. Binti yangu alipokuwa anapewa deksamethasoni, dawa ya kundi la steroidi, alikuwa na njaa isiyoshiba. Dawa za kundi hilo huwafanya watoto watamani chakula hadi usiku wa manane, mashavu yakavimba yakawa mviringo. Tulikuwa tunakaa jikoni saa 8 usiku, mimi na yeye, anakula kimya kimya kwa bidii kama mtu aliye kazini. Mwili wangu ulikuwa bado unaniamsha saa hiyo kwenda kupika.

Hatua ya 3: Gawa ukurasa safu mbili

Wiki mbili zikiisha, chora mstari katikati ya ukurasa mpya. Upande mmoja andika UGONJWA, upande wa pili andika jina la mtoto. Andika jina lenyewe, lile mlilomwita nyumbani. Kisha hamisha kila kitu ulichoandika kwenye safu yake.

Vingine ni vyepesi kuamua. Mlio wa pampu, plasta ya kanula, korido ya idara ya mionzi: hivyo ni vya ugonjwa. Wimbo aliokuwa akiuimba kwa kukosea maneno ni wake. Kisha kuna vile vya katikati, na ndivyo vitakavyokuchosha. Kofia ya sufi aliyoanza kuivaa nywele zilipopukutika, ni ya nani? Ugonjwa uliileta, lakini yeye ndiye aliyechagua rangi. Usijilazimishe. Viweke kwenye mstari wa katikati na uviache hapo.

Kazi ya safu hizi ni kwamba kila upande una dawa yake. Vya ugonjwa una haki ya kuviondoa, kuvikwepa na kuvizoea hadi vipungue makali, na huwi msaliti ukifanya hivyo. Vya mtoto vinauma pia, tena sana, lakini hivyo vinatunzwa.

Hatua ya 4: Ondoa nyumbani vya ugonjwa

Anza na dawa, kwa sababu hapa kuna suala la usalama mbali na huzuni. Vidonge vya tibakemikali kama merkaptopurini, na mofini ya maji iliyobaki, havitupwi kwenye takataka wala chooni, na visibaki kabatini ambako mtoto mwingine anaweza kuvifikia. Vifungashe kwenye mfuko, vaa glavu ukishika vile vya saratani, usivivunje, virudishe kwenye duka la dawa la hospitali. Kama huwezi kukanyaga hospitalini, mtume mtu. Mimi nilimtuma shemeji yangu, na sikutaka hata anieleze alipokelewaje.

Kisha piga simu kliniki, au umwombe mtu apige, wamfute mtoto kwenye orodha ya miadi. Orodha za miadi na orodha za vifo mara nyingi hazizungumzi. Sisi tulipigiwa simu wiki ya 5 tukiulizwa kwa nini mtoto hajaletwa kupima damu. Dada wa watu aliyepiga alilia kuliko mke wangu.

Kwenye simu yako fanya mambo mawili. Programu nyingi za picha zinakuletea "kumbukumbu za siku kama ya leo" bila kuulizwa. Ingia kwenye mipangilio, uzime, au ufiche tarehe za kipindi cha matibabu. Hapo picha zinabaki, ila wewe ndiye unayezifuata. La pili, jitoe au nyamazisha makundi ya wazazi wa wodini. Hawa ni watu mliolala nao sakafuni, si rahisi. Lakini ujumbe wa "vipimo vimetoka safi, asanteni kwa maombi!" unaweza kukufurahisha na kukuchana kwa pamoja, na hakuna ubaya kusoma habari hizo siku unayochagua wewe. Waandikie kwa ufupi kwamba unapumzika. Wataelewa kuliko mtu yeyote.

Hatua ya 5: Vya mtoto usiviguse kwa haraka

Atakuja mtu mwenye nia njema, mara nyingi shangazi au mama mdogo, mwenye maboksi, akitaka "kukusaidia kusafisha chumba." Mshukuru, mpe kazi nyingine. Hakuna kipimo cha muda wa kugawa nguo za mtoto. Ukivitoa mapema ukajuta, haviwezi kurudi. Ukichelewa, hujaharibu kitu.

Nguo yenye harufu yake usiifue. Iweke kwenye mfuko wa plastiki unaofunga bila kupitisha hewa, na uufungue kwa nadra, maana kila ukifungua harufu inapungua. Chagua moja au mbili, hutaweza kuhifadhi zote. Sauti zake na video, zinakili mahali pengine mbali na simu: simu huibiwa, huanguka majini.

Kama mna watoto wengine, waulize wanataka kitu gani cha ndugu yao kabla ya kugawa chochote. Majibu yao yatakushangaza. Mwanangu mkubwa hakutaka mwanasesere wala picha, alitaka mswaki wake. Upo kwenye kikombe hadi leo.

Hatua ya 6: Jizoeshe taratibu yale usiyoweza kuyakwepa

Kukwepa ni dawa nzuri kwa muda mfupi, kisha inageuka. Ukikwepa hospitali, halafu barabara ya hospitali, halafu mtaa mzima, siku moja utajikuta umebaki na sebule. Na hospitali utaihitaji: wewe mwenyewe utaumwa, au mama mkwe atalazwa.

Chagua kitu kimoja tu kutoka safu ya ugonjwa. Kivunje vipande kuanzia chepesi kabisa. Kwangu ilikuwa hospitali yenyewe. Kwanza nilipita na gari bila kusimama. Nilirudia mara kadhaa, mpaka mikono ikaacha kutoka jasho kwenye usukani. Kisha nikaegesha ng'ambo ya barabara dakika 10. Kisha getini, na mtu wa kunisindikiza. Kisha benchi la nje. Kanuni ni moja: usiondoke wakati hofu iko kileleni, subiri ishuke kidogo ndipo uondoke, la sivyo mwili utajifunza kwamba kukimbia ndiko kulikuokoa. Na usipande ngazi ya pili mpaka ya kwanza ikuchoshe kwa kuwa ya kawaida.

Wodi yenyewe sijaingia tena. Sina sababu ya kuingia, na sijioni nimeshindwa.

Hatua ya 7: Linapokukuta hadharani

Hapa nitasema kwa kifupi, kwa sababu wakati huo hutakumbuka maelezo marefu. Shusha pumzi nje polepole kuliko unavyoivuta: vuta kwa kuhesabu 4, toa kwa kuhesabu 6 au 7. Kanyagia nyayo zote mbili chini, uzisikie. Taja kwa sauti ndogo vitu vitano unavyoviona. Kisha jiambie tarehe ya leo na mahali ulipo: "Leo ni Jumanne. Niko barabarani. Hilo ni lori." Maji ya baridi kwenye viganja na usoni husaidia pia. Kama unakwenda mahali unapopahofia, kaa karibu na mlango, na mkubaliane na mwenzako ishara ya "tuondoke" isiyohitaji maelezo. Ukilia, lia. Mtu aliyelia dukani hajavunja sheria yoyote.

Hatua ya 8: Soma kalenda kabla kalenda haijakusoma

Kuna tarehe zinazojulikana. Februari 15 ni Siku ya Kimataifa ya Saratani za Utotoni. Septemba nzima, katika nchi nyingi, ni mwezi wa uhamasishaji, nao una utepe wa dhahabu. Mwezi huo sura za watoto wasio na nywele zitakuwa kila mahali, pamoja na takwimu: kwamba kila mwaka watoto na vijana wapatao 400,000 duniani hupata saratani, kwamba katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 yao hupona na katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati hawafiki asilimia 30, kwamba mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilijiwekea lengo la kufikisha asilimia 60 duniani kote ifikapo 2030. Ni takwimu za maana. Kwa mzazi aliyezika zinageuka swali la kwa nini wangu akawa upande ule mwingine, na hasira inayokuja nalo ni halali. Wapo wazazi wanaoipeleka Septemba kwenye kuchangisha na kuhamasisha. Wengine wanazima televisheni. Nimefanya yote mawili, miaka tofauti.

Pia Jumapili ya pili ya Desemba, saa 1 usiku kwa saa za mahali ulipo, wazazi waliofiwa duniani kote huwasha mshumaa kwa watoto wao, na kwa kuwa saa hiyo hufika kwa zamu, mwanga huzunguka dunia kwa saa 24. Ni zoezi la bure, halihitaji kuongea na mtu.

Ila tarehe zinazochoma zaidi ni zile zako peke yako: siku majibu ya uboho yalipotoka, siku daktari aliposogeza kiti karibu kabla ya kuongea, siku ambayo wenzake wa darasani watamaliza shule. Ziandike zote kwenye kalenda ya mwaka. Karibu na kila moja, andika utakuwa wapi na nani. Utaona kwamba wiki inayotangulia mara nyingi ni mbaya kuliko siku yenyewe, kwa hiyo usijipangie mambo mazito wiki hiyo.

Hatua ya 9: Andaa majibu mapema

"Una watoto wangapi?" Swali la kawaida kabisa, na litakukuta kwenye foleni. Andaa majibu mawili. La mtu unayemwamini: "Watatu, mmoja ametangulia." La mtu wa kupita: namba yoyote inayotoka mdomoni. Mara ya kwanza niliposema "wawili" nilijisikia nimemzika upya. Mke wangu akaniambia, mtoto hayuko kwenye jibu unalompa muuza tiketi. Nimeishi na sentensi hiyo.

Kwa wanaosema "mungemwahi mapema" usibishane, lakini wewe mwenyewe ujue ukweli. Dalili za mwanzo za saratani za watoto, yaani homa zinazorudi, kupauka, michubuko, maumivu ya mifupa, hufanana na za magonjwa ya kila siku, na hata madaktari hupishana nazo. Nyingi hazina sababu ya nje inayojulikana. Kati ya watoto wanaopata saratani, ni takriban 1 kati ya 10 anayekuwa na kasoro ya kurithi inayomwelekeza huko. Hukuisababisha kwa ulichompikia wala kwa ulichokula ukiwa mjamzito.

Na yule mtoto mwingine akipata homa? Utatetemeka. Pima joto mara moja, andika, pima tena baada ya saa 4, si kila dakika 10. Mtafute daktari mmoja anayeijua historia yenu, umwambie waziwazi kwamba utamjia mara nyingi kuliko wazazi wengine. Wetu alijibu, "Njooni." Tulikwenda mara 11 mwaka ule wa kwanza, yote mafua.

Mwenzi wako ana daftari lake

Sikuiita hii hatua kwa sababu sijui inamalizika vipi. Mke wangu alitaka picha ukutani, mimi nilitaka zigeuzwe. Mwaka 1999 watafiti Margaret Stroebe na Henk Schut walieleza kwamba mfiwa huyumba kati ya pande mbili, kuzama kwenye msiba na kurudi kwenye shughuli za maisha, na kwamba kuyumba huko ndiko afya yenyewe. Shida ni kwamba wawili hawayumbi kwa mwendo mmoja. Yeye akizama mimi nilikuwa narekebisha bomba. Tulisoma madaftari yetu kwa sauti jioni moja, tukagundua tumekuwa tukitoneshana: mimi kwa kukung'uta kipimajoto, yeye kwa kuwasha taa ya chumba kile. Picha sasa ziko kwenye korido. Ni maafikiano yasiyomfurahisha yeyote kikamilifu.

Wakati wa kumwona mtaalamu

Kama baada ya miezi 6 hamu na uchungu bado vinakushika karibu kila siku kiasi kwamba huwezi kufanya kazi, kula wala kuwatunza waliobaki, mwone daktari au mshauri nasaha. Uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani unaitambua sasa huzuni ya muda mrefu kama hali inayotibika, na miezi 6 ndiyo kipimo chake cha chini. Mwongozo wa wataalamu wa akili wa Marekani unasubiri miezi 12 kwa watu wazima. Ukiona unarudia tukio kama sinema, huku ukishtuka na kukosa usingizi, litaje hilo pia, lina tiba yake. Na kama unawaza kujiua, au kumfuata mtoto, usihesabu miezi. Mwambie mtu leo, nenda hospitali leo, usilale peke yako usiku huu.

Hatua ya mwisho: Andika ukurasa upya

Kila baada ya miezi 3 chora safu mbili upya, bila kutazama za zamani. Kisha linganisha.

Doksorubisini ni dawa ya tibakemikali, nyekundu ya kung'aa, na baada ya kuipata mtoto hukojoa mkojo mwekundu kwa siku moja au mbili. Kwa mwaka mzima sikuweza kutazama kinywaji chekundu kwenye glasi, kilikaa namba 1 kwenye safu ya UGONJWA. Ukurasa wa 5 nilipokuwa nakiandika tena hapo, nikakumbuka alivyokuwa akiuita. Mkojo wa zimwi. Alikuwa akiwaita wauguzi waje waone, amesimama mlangoni mwa choo na dripu yake, kifua mbele, kama mtu aliyeshinda mashindano. Nilikata mstari juu ya maneno hayo, nikayaandika upande wa pili, chini ya jina lake.